Matundu 51 kwenye Datsun ya baba

Duara la kwanza lilijitokeza kwenye mlango wa dereva wiki ya pili ya Aprili, masika ikiwa imekolea. Lilikuwa dogo, kama kifungo cha shati, na huwezi kuliona mpaka usimame upande wa jua. Nilidhani ni utomvu wa mwembe. Nikalipangusa kwa kitambaa chenye maji, halikutoka. Siku nne baadaye yalikuwa matano, yamejipanga mstari ulionyooka kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kitasa, kila moja mahali palepale palipokuwa na tundu. Hapo nikaelewa. Rangi ilikuwa na miezi minne tu, na nilikuwa nimeilipa yote.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye pikapu ya zamani uani, ambaye amebandua mikanda ya urembo au nembo akakuta matundu, na fundi amemwambia kuwa hiyo ni kazi ya puti tu, lile rojo la kujazia mabonde ya bodi, ya nusu siku. Mimi niliambiwa hivyo, nikakubali. Ilinichukua karibu mwaka mzima na zaidi ya shilingi milioni moja kurudi pale nilipopaswa kuanzia.

Gari lenyewe ni Datsun 620, ile pikapu ambayo Nissan walianza kuiuza mwaka 1972 na kuiacha 1979. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika. Alibebea machungwa kutoka Muheza kuyaleta soko la Mgandini, hapa Tanga, na msimu wa machungwa ulipokwisha alibeba chochote kilichokuwa na mteja: mbao, magodoro, maharusi. Alipofariki, gari likakaa chini ya mwembe miaka minne. Walikuja watu wa chuma chakavu mara tatu. Mama kila mara aliwapa maji ya kunywa, akawaambia haliuzwi. Mwaka 2021 nilipopata mkopo mdogo wa walimu niliamua kulifufua. Injini sitaizungumzia hapa. Ilitengenezwa kwa wiki tatu na inawaka mpaka leo. Kilichonitoa jasho ni bodi.

Pande zote mbili za gari zilikuwa na mikanda ya nikeli, kuanzia madigadi ya mbele, ikapita milangoni, ikaishia nyuma kabisa ya bodi la mizigo. Haikutoka nayo kiwandani. Mwenye gari wa kwanza alitoboa bati na kuibana kwa klipu. Kati ya vipande sita kilikuwa kimebaki kimoja kizima, vingine vimepinda au havipo kabisa. Nikaamua kuvitoa vyote na kuziba. Nilipohesabu nilipata matundu 10 ya milangoni, 8 ya madigadi na 18 ya ubavuni nyuma. Ukiongeza manne ya nembo, manne ya vioo vilivyokuwa vimesimama juu ya madigadi, sita ya herufi za mlango wa nyuma na moja la antena, unapata 51. Niliyaandika kwenye daftari la mahudhurio la zamani. Hilo la kuyaandika nililifanya sawa, na baadaye liliniokoa.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana mwenye maneno mazuri na mikono myepesi. Aliniambia, "Mwalimu, kazi ndogo hii. Jumamosi njoo na hela, uondoke na gari." Kwa nyuma ya kila tundu alibandika kipande cha gundi ya karatasi ili puti isidondoke, akajaza kwa mbele, akapiga msasa, akapiga rangi ileile ya buluu. Nilimlipa 420,000. Gari liling'aa. Mama alilizunguka mara mbili bila kusema kitu, kisha akaingia ndani kulia. Tukaenda nalo Muheza kwa shangazi, na barabarani watu wazima walikuwa wanasimama kuliangalia.

Halafu mvua zikaja.

Lile duara la kwanza nililichokonoa kwa bisibisi. Puti ilitoka nzima kama kifungo, na kwa nyuma ilikuwa na kichwa kingine kikubwa zaidi, umbo la uyoga, maana ilikuwa imesukumwa ikapita tundu na kutapakaa kwa ndani. Ilikuwa na unyevu. Ukingo wa tundu ulikuwa na kutu mbichi, ile ya rangi ya chungwa inayopaka kidole.

Nimesoma na kuuliza sana tangu siku hiyo, na maelezo ni mepesi kuliko nilivyofikiri. Puti ni plastiki ya majimaji iliyochanganywa na unga laini wa mawe. Ikikauka inakuwa ngumu, lakini inanyonya maji. Kwa mbele rangi inaikinga. Kwa nyuma haina kinga yoyote, na mlango wa gari ndani hauko mkavu hata siku moja: kila mvua ikinyesha, maji hupita kwenye mpira wa kioo na kutiririka ndani ya mlango hadi chini. Ndivyo milango ilivyoundwa. Kwa hiyo puti inakunywa taratibu, inayashikilia maji kwenye ukingo wa bati, bati linashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Inavimba, inasukuma. Ongeza jua la Tanga linalotanua bati mchana, na mlango unaobamizwa mara ishirini kwa siku, na hewa ya bahari yenye chumvi. Mfuniko wa puti ulioning'inia tupu, bila chuma nyuma yake, hauna namna ya kubaki mahali pake.

Nilirudi kwa yule fundi. Alisema ni bahati mbaya ya mvua, akaniahidi kurudia kwa nusu bei. Nilikataa, ila sikugombana naye, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu: sikumuuliza angeziba kwa kitu gani kabla ya puti. Muulize fundi wako swali hilo moja kabla ya kuzungumza bei. Akikuambia fiba, gundi au puti nzito, mshukuru uondoke.

Kosa la pili lilitokana na hasira. Nilitaka kazi iishe, na nilitaka iishe bila kumlipa mtu. Binamu yangu ana mashine ya umeme ya kuchomelea mageti na nondo za madirisha. Tukalala na wazo kwamba kinachochoma geti kitachoma mlango. Bati la gari lile lina unene wa kama milimita 0.8. Rodi tuliyokuwa nayo ni ya milimita 2.5, na moto wake ni wa kuunganisha vyuma vya dirisha. Tundu la kwanza lilikuwa la milimita 7. Alipogusa tu, ukingo uliyeyuka ukaanguka ndani, na tundu likawa kubwa kuliko sarafu ya shilingi 100. Akajaribu kulizungushia, likazidi. Mlango ukaanza kutoa moshi mweusi, maana kwa ndani ulikuwa umepakwa lami ya kupunguza kelele na hatukuiondoa. Tuliizima kwa ndoo ya mchanga. Ndani ya mlango mlikuwa bado na nyaya na kioo. Nikikumbuka kwamba tangi la petroli lilikuwa limejaa nusu, mita moja na kitu kutoka pale, naishiwa nguvu hadi leo.

Hata hapo hatukuacha. Tulikata viraka kutoka kwenye bati la paa, la zinki, tukavichomelea juu ya matundu manne ya ubavuni. Joto lilitembea. Ubavu wote ukazama ndani kama sahani, na ukiusukuma kwa kiganja unaruka upande wa pili kwa mlio wa "pwaa". Usiku ule nikapata homa kali ya kutetemeka, kinywani ladha ya chuma, kifua kimebana. Nilijua ni malaria. Asubuhi zahanati wakapima, hakuna kitu. Daktari, dada mmoja mpole sana, akaniuliza, "Jana ulikuwa unafanya kazi gani?" Nilipomweleza akaniambia zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa inayofanana kabisa na malaria, huanza saa chache baadaye na mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Iliisha kesho yake. Mtu asikudanganye kwamba glasi ya maziwa inazuia. Kinachozuia ni kutochoma bati la zinki kabisa, au kama huna njia, kulisugua zinki yote itoke kwanza, ukiwa nje penye upepo na barakoa ya mafundi, siyo ya kitambaa.

Mzee aliyenisaidia ana gereji ndogo Ngamiani, haina hata kibao. Nilielekezwa na dereva wa daladala. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananyoosha boneti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Hakuuliza swali lolote. Alitoa sumaku mfukoni, ya spika ya redio, akaanza kuipitisha ubavuni mwa gari taratibu. Mahali penye bati inashika. Mahali penye puti nene inadondoka kwenye kiganja chake. Alifanya hivyo pande zote mbili, na kila ilipodondoka alichora msalaba kwa chaki. Alipomaliza nilimwonyesha daftari langu. Misalaba yake ilikuwa mingi kuliko matundu yangu, kwa sababu fundi wa kwanza aliziba pia mabonde ambayo hakuyanyoosha. Mzee akaniambia bei yake ni 40,000 kwa siku, siyo kwa kazi, na kwamba siku mbili za kwanza hatawasha moto.

Sikulipenda jambo hilo la kulipa siku mbili za kusafisha. Leo ningelipa tatu.

Siku hizo mbili tulifungua. Waya wa betri ulitolewa. Tangi la petroli likashushwa na kupelekwa uani kwa jirani. Paneli za milango, vioo, mipira na nyaya zote zikatoka. Lami ya ndani ikakwanguliwa. Puti yote ikang'olewa, na kila tundu likasuguliwa hadi bati jeupe, upana wa vidole vitatu kulizunguka, mbele na nyuma. Nilidhani nyuma si muhimu kwa sababu hapaonekani. Mzee alinionyesha kwa vitendo: alichoma tone moja kwenye kipande cha bati chenye rangi kwa nyuma, likatema na kupasuka vitundu vidogo vidogo kama uji unaochemka. Kisha akachoma kwenye bati safi, likatulia laini. Rangi na kutu vikiungua hutoa gesi, na gesi hutafuta njia ya kupita katikati ya chuma kinachoyeyuka.

Katika kufungua ndipo tulipokutana na tundu la antena, madigadi ya kushoto. Sikuwa nimewahi kuliangalia kwa ndani. Baba alikuwa amelifunga kwa boliti fupi na nati, na katikati yake akaweka duara la mpira alilolikata kwenye kandambili, kandambili ya buluu, bado mistari ya nyayo inaonekana. Chini yake bati lilikuwa safi. Mzee alilishika muda mrefu, akanirudishia mkononi. Akaniuliza kama nataka alichome na hilo. Nikasema hapana, hilo liache. Kwa hiyo tulichoma 50.

Mashine yake ni ile ya kuchomelea kwa waya, MIG, na waya aliotumia ni wa milimita 0.6, mwembamba kama uzi wa nailoni. Ukiwa na chaguo, tafuta fundi mwenye mashine hiyo. Wengi mitaani wanatumia gesi na shaba ya njano. Inaziba, nimeiona ikidumu, lakini joto lake husambaa na bati hupinda, na ile dawa inayosaidia shaba kushika huacha mabaki yanayobandua rangi. Kama gesi ndiyo pekee iliyopo, hakikisha mabaki yale yameoshwa kwa maji ya moto na brashi ya waya, kisha yamekaushwa kabisa, kabla mtu hajapaka chochote.

Kwa matundu makubwa mzee alikata viduara kutoka kwenye boneti ya gari lililokufa. Alipima unene wake na wa mlango kwa vidole, baadaye kwa kipimo, ukalingana. Akanieleza kuwa kiraka kikiwa kinene kuliko bati, bati linaungua kabla kiraka hakijapata moto. Kila kiduara alikipiga tupa mpaka kikaingia kwenye tundu kwa kubana kidogo, usawa wa bati, hakijapanda juu yake. Kingo za matundu zilizokuwa zimebinuka kwa nje tangu zilipotobolewa alizigonga kwanza kwa nyundo ndogo zirudi ndani kidogo. Tundu lenye ukingo uliobinuka ukilichoma hivyohivyo, ukija kusaga unausaga ukingo wenyewe na unabaki na bati la karatasi.

Kwa matundu madogo hapakuwa na kiduara. Hapo ndipo nilipopata kazi. Alichukua bomba la shaba nyekundu la friji bovu, akalipigapiga likawa bapa, akanipa glavu za ngozi na miwani ya giza. Kazi yangu ilikuwa kulishikilia bapa lile kwa nyuma ya tundu, likigusana na bati kila upande. Yeye kwa mbele anabonyeza: "tss", sekunde moja, anaachia. Chuma kilichoyeyuka kinajaza tundu kikitua juu ya shaba, lakini hakishiki, kwa sababu shaba inalinyonya joto haraka mno. Ukiiondoa inatoka yenyewe, na tundu limekuwa chuma. Niliposhika vibaya mara moja, pengo la unene wa ukucha tu, tone lilipita likaanguka juu ya kiatu changu. Vaa viatu vya ngozi.

Halafu alikuwa anaondoka. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Akimaliza tundu moja la mbele anakwenda la mwisho kabisa nyuma, kisha anavuka upande wa pili wa gari, kisha anarudi katikati. Kabla hajagusa tena karibu na alipochoma, anaweka kiganja juu ya bati. Kama kiganja hakiwezi kukaa kwa starehe, hachomi. Hakumwagia maji hata mara moja. Kwenye kile kiduara cha mlango, alichobandika kwa matone manane, alichukua karibu saa nzima kwa kwenda na kurudi. Binamu yangu na mimi tulikuwa tumefanya manne kwa dakika kumi, na ubavu wote ukazama.

Ule ubavu aliurudisha. Bati lililochomwa likipoa linajikunja, linavuta jirani zake, ndiyo maana linazama. Aliweka kipande kizito cha chuma kilichopinda kidogo kwa nyuma, mafundi wanakiita doli, na kwa mbele akagonga juu ya mshono wenyewe, mapigo madogo mengi, nyundo na doli vikikutana na bati katikati. Ule mlio unabadilika. Mwanzo ni mzito, baadaye unakuwa mwembamba, na bati lililonyooka halina "pwaa" tena. Viraka vyangu vya zinki alivikata vyote akavitupa.

Kwenye kusaga nilikosea tena. Alinipa grenda yenye diski ya msasa na kuniambia nipite juujuu. Nilitaka kuona tone limepotea kabisa, nikang'ang'ania mahali pamoja mpaka bati likageuka rangi ya buluu. Buluu maana yake limeungua, limekuwa jembamba, na joto limelipinda upya. Alinipokonya grenda bila ukali. Tundu lile lilichomwa mara ya pili.

Usiku wa siku ya tano, baada ya sala ya isha, alinipigia simu niende na tochi. Tulizima taa ya gereji. Akaingiza tochi ndani ya mlango, akaniambia nitazame kwa nje. Palikuwa na nyota. Vitundu visivyoonekana mchana, vidogo kuliko ncha ya sindano, vilipitisha mwanga mahali ambapo ningeapa kuwa chuma kimeziba. Tulihesabu 11 kwenye gari zima, tukazungushia chaki. Kila kimoja kingekunywa maji kama yale matundu yaliyozibwa kwa puti. Kama utachukua jambo moja tu katika maelezo haya, chukua tochi.

Kosa langu kubwa zaidi nililifanya siku iliyofuata, mzee akiwa hayupo. Nilikuwa nimeshapata ari, na kijana wake wa kazi alikuwa na muda. Chini kabisa ya milango, kwenye ule ukunjo, nikaona matundu mengine matatu kila mlango, marefu kidogo, hayamo kwenye daftari langu. Nikafikiri nimeyasahau. Tukayachoma yote sita. Mzee aliporudi nilimwonyesha. Alichota maji kwa kikombe, akayamimina ndani ya mlango, akasubiri. Hakuna kilichotoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa haya yatokee wapi?"

Yalikuwa matundu ya kutolea maji. Kiwanda kiliyaweka makusudi. Tulitumia nusu siku kuyatoboa upya kwa drili na kuyalainisha kwa tupa. Kabla ya kuziba tundu lolote, jua nani alilitoboa na kwa nini. Ya milangoni chini, ya pembe za bodi la mizigo, ya chini ya madigadi, hayo usiyaguse, na kama yamejaa tope yafungue. Lisilokuwemo kwenye daftari lako, uliza kwanza.

Baada ya chuma ndipo puti ikaja, na sina ugomvi nayo tena. Kwanza bati lote tupu la nje lilipakwa praima, yaani rangi ya msingi, ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa. Praima nyekundu ya bei ya chini inapitisha maji, kwa hiyo usiiache peke yake juani na mvuani ukidhani imekukinga. Puti ilipita juu ya epoksi, nyembamba sana, kwa ajili ya kusawazisha alama za nyundo tu. Changanya kiasi cha limau moja kwa wakati, alfajiri kabla jua halijapanda. Kwa joto letu inaganda ukiwa bado unaipaka, na ukizidisha hadena, ile dawa ya kuigandisha, kwa kuogopa isichelewe, baadaye inajitokeza kama doa kwenye rangi. Msasa ufungwe kwenye kibao kirefu cha mbao. Ukiusugua kwa vidole unachimba mifereji usiyoiona mpaka rangi ikauke.

Kuna mbinu moja ambayo mpiga rangi alinifundisha na ilinifurahisha sana. Alipuliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima, kama kivuli tu. Kisha tukapiga msasa kwa kibao. Mahali palipo juu weusi uliondoka mara moja, palipozama ukabaki. Nilikuwa na ramani ya kila bonde la gari lile, na nilishinda siku mbili nikiifuta.

Rangi ilipokuwa imekauka wiki kadhaa, na siyo kabla, tulimalizia ndani. Nyuma ya kila tundu tulilochoma, rangi ya zamani ilikuwa imesuguliwa na kuungua, kwa hiyo palipakwa epoksi kwa brashi yenye mpini mrefu, na juu yake nta iliyolainishwa kwa mafuta ya injini. Nta ikiruka mahali ambapo hapajapigwa rangi, rangi haitashika tena hapo, ndiyo maana inakuwa ya mwisho kabisa.

Gharama ziko hivi. Puti ya kwanza, 420,000, zilipotea zote. Jaribio letu la mashine ya mageti, rodi, mabati na zahanati, 95,000. Kwa mzee siku sita, 240,000, na kijana wake 90,000. Gesi na waya 70,000. Epoksi 110,000. Puti, misasa na diski 85,000. Rangi na mpiga rangi 280,000. Jumla 1,390,000. Ningeanzia kwa mzee ningetumia 875,000, na mama asingeliona gari likiharibika mara ya pili mbele ya macho yake. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma.

Liko na lingine. Miezi miwili baada ya rangi nilikwenda Dar es Salaam kwa mambo ya shule, nikapita Ilala, mtaa wa Shauri Moyo, kutafuta mpira wa kioo. Duka la pili nililoingia lilikuwa na mikanda ya nikeli imefungwa kwa kamba, pea nzima, inayolingana kabisa na ile yetu. Nilisimama nayo mkononi dakika nyingi. Kama bado hujaziba, jipe kwanza mwezi mmoja wa kutafuta, na piga picha kila ubavu ukiwa na futikamba umeshikizwa, ili siku ukibadili mawazo ujue mkanda ulipita wapi. Mimi nilikuwa na idadi tu, sikuwa na vipimo. Sikuinunua. Mkanda mmoja uliobaki mzima mama ameuweka juu ya kabati la chumbani kwake, na huufuta vumbi yeye mwenyewe.

Masika ya mwaka uliofuata ilikuwa nzito. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika, na usiku sikulala vizuri, nilikuwa nasikia maji yakipiga juu ya paa la gari kule uani. Asubuhi ya siku ya nne nilitoka na tochi. Nilipitisha kidole gumba ubavu mzima, kutoka madigadi hadi nyuma, taratibu, mahali palipokuwa na tundu nikijua palikuwa na tundu. Laini. Nikafika mlango wa dereva, nikapiga magoti kwenye tope, nikaweka kiganja chini ya ule ukunjo. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye matundu yote matatu. Nikayakinga mkononi nikayamulika. Yalikuwa meupe.